Kihispania cha Mokami

Unageuza uso tena. Siku ile mahakamani, karani, uligeuza hivyohivyo kando ya hakimu wako, ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Mimi niliyekaa nyuma sikusahau. Sikiliza.

Mwaka jana, 1956, katika shamba la wimbi kule Susuni, mwanamke alikuwa akipalilia huku akirudiarudia maneno ambayo hakuna jirani aliyeyajua: "Maté, mataste, mató." Niliua, uliua, aliua.

Walisema Mokami amerukwa na akili tangu mumewe afungwe.

Mumewe, Waisiko, aliwafuatia wawindaji nyayo za wanyama. Mhispania mmoja tajiri alimpiga risasi kifaru bila kibali. Pembe akambebesha Waisiko, na Waisiko ndiye aliyekamatwa nayo. Kwenye kesi Mhispania alikaa mbele, kimya. Hakimu akasema mgeni huyu anajua lugha yake tu, na jimbo zima halina mkalimani. Mkalimani akipatikana, atasikiliza. Waisiko akapewa miaka saba.

Mgeni akapanda ndege.

Joram, katekista, alikuwa na kitabu cha Kihispania cha wanaoanza, alichoachiwa na padri mzee. Kila Jumapili baada ya ibada alimfundisha Mokami.

"Sisi tukisema 'niliua', mimi niko mbele, ninaonekana," alisema Mokami. "Hawa mwenye kosa wanamficha mkiani."

"Ndiyo hivyo, mama. Tazama mwisho wa neno. Ukikosea herufi hiyo moja, umemfunga mumeo mara ya pili."

"Na mtu wa heshima anaambiwaje?"

"Kama vile unamsema mtu mwingine. Mató."

"Huyu simpi shikamoo. Andika mataste."

Joram alicheka. "Lakini Waisiko alisema ni mtu mcheshi. Wapagazi wakimtania lile tumbo lake, yeye ndiye anayeanza kucheka."

"Ujinga wake huo. Endelea."

Alikwenda gerezani mara mbili kwa miguu. Mara ya pili Waisiko alikohoa damu kwenye kiganja, akaifuta kwenye kaptula ili mkewe asiione. "Jifunze haraka, mke wangu," alisema.

Miezi minane. Mokami aliandika ukurasa mmoja, akaufuta, akauandika upya, mpaka Joram akakosa cha kusahihisha. Alimwomba Mhispania aandike neno moja tu la ukweli, na mkalimani atakuwa yeye mwenyewe.

Jibu lilifika baada ya miezi mitatu. Mokami aliketi mbele ya Joram, kitabu kimefunguliwa magotini, kidole tayari kutafuta miisho ya vitenzi. Akafungua bahasha. Akasoma. Kidole hakikusogea.

Joram akamnyang'anya karatasi, akaisoma kwa sauti.

"Mama Mokami, barua yako nimeielewa, ila ungeniandikia Kiswahili tu. Nilisimamia mkonge Tanga miaka tisa. Asubuhi ya kesi nilimwambia hakimu kwa Kiswahili kwamba kifaru nilimuua mimi. Naye akanijibu kwa Kiswahili, mbele ya karani wake, nikae kimya."

Barua hii hapa. Waisiko bado anakohoa, na hakimu anaketi kesho saa tatu. Ishike. Nenda ukamsomee kwa sauti.