Joistiki ya Mzee

"Ni mbovu, Mama, tuitupe!" alisema mwanangu, wakati ndege ya mchezo wa kompyuta aliyoiendesha baba yake ikilalia kushoto kwenye skrini na kuanguka tena.

"Wewe ndiye uliyeinunua?" nikamfokea. Baba yake ameichezea joistiki hiyo, kile kishikio cha kuendeshea ndege, tangu enzi za kompyuta za kichogo. Pale anapowekaga kidole gumba, mpira umelika ukabaki mbonyeo laini kama kijiko. Leo eti kosa lake ni uzee!

Kompyuta mpya haikuwa na tundu la plagi yake pana, mwanangu akaleta adapta. Akaweka programu, akarekebisha hiki na kile. Ndege bado ilikwenda kushoto.

"Mambo ya kizamani haya, Mama."

"Na sisi wa zamani je? Utatuweka pipa gani?"

Mzee wangu akacheka, joistiki mkononi. Tangu kiharusi kiupooze mkono huo, hajagusa cherehani yake. "Mkono umeshapona," alituambia asubuhi. "Kesho nafungua duka, wateja wananisubiri."

Mwanangu akaingia chini ya meza kukagua nyaya. Mzee akaiachia joistiki ajikune shavu.

Ndege ikanyooka. Ikapaa katikati ya skrini, imetulia tuli.

Akaishika tena, taratibu. Ndege ikalala kushoto. Akaiachia, ikanyooka.

Mzee akautazama mkono wake, kisha akanitazama mimi.

"Vipi huko juu?" mwanangu akauliza.

"Ni mbovu!" nikafoka, kwa hasira ileile. "Mbovu kabisa! Chukua ukaitupe!"