Sikio la Mafiga

Walisema Mafiga kuna sikio. Zuhura aliyapata maneno hayo akiwa bado mlangoni kwa Hasanali, hajaingia hata dukani. "Sikio la Kisima liko humu humu mtaani," sauti ya mwanamke ilisema, "tena tunakula nalo." Alipokanyaga ndani, wakanyamaza. Mmoja akaanza kuuliza bei ya sabuni.

Tangu hapo maneno yale yalimng'ang'ania kama ukoko chini ya sufuria.

Baraka, fundi baiskeli, ndiye aliyetangulia. Alitangaza kugombea uenyekiti wa mtaa dhidi ya Chama cha Kisima, wakaja watu wasiojulikana wakamchukua na gari. Alirudi hai, lakini haongei. Anaziba pancha tu, macho chini. Yunusi, kijana wa mtaa huo huo, akasema basi, atagombea yeye. Alipoona gari lile lile linazunguka kwao, akakimbilia kijijini Kisaki, kwa shangazi yake. Wakamfuata huko huko. Yunusi hajarudi.

Sasa fomu ilikuwa mikononi mwa Luqmani, mtoto pekee wa Zuhura.

"Mwanangu, kiti cha mtaa kina nini? Hata posho ya maana hakina."

"Ndiyo maana nashangaa, mama. Kama hakina kitu, mbona wanakitaka hivyo?"

Zuhura alikuwa amechoka, hata kubishana hawezi. Akamfungia nguo kwenye kanga, akampeleka Mkuyuni kwa shemeji yake, ajifanye anasaidia kuvuna ndizi. Mtaani akasema kijana yuko Dar, anatafuta kazi.

Kisha akaanza kulitafuta hilo sikio.

"Mzee Hasanali, duka lako hili linasikia mengi."

"Duka labda, bibie. Mimi mke wangu ananiita mara tatu ndiyo nageuka." Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Sukari ya Zuhura aliipima upesi kuliko siku zote.

Bombani alimkuta Asha, jirani yake, aliyelea naye watoto.

"Shoga yangu, wewe unamdhania nani?"

Asha akaiinamia ndoo. "Mimi simdhanii mtu, mama Luqmani. Sogea, ndoo yako imejaa."

Haikuwa imejaa.

Hofu imewaingia wote, Zuhura aliwaza akijitwisha maji nusu. Sasa kila mtu anamwogopa mwenzake.

Pumziko lake lilikuwa Ijumaa, baada ya swala, kaka yake Twalibu alipopita kunywa chai. Twalibu alikuwa katibu wa Kisima wa kata. Alikuwamo tangu chama kile kilipokuwa watu wachache waliokalia magunia sokoni, wakidai maji. Kikapata madiwani, kikapata wabunge, kikapata Ikulu. Maji yenyewe bado ni ya foleni.

"Lengo limebaki moja tu, dada," Twalibu alipenda kusema. "Kila kiti kiwe chetu. Hata kigoda."

Zuhura alicheka kila mara. Wakubwa huko juu huenda wanafanya mambo yao, lakini Twalibu ni damu. Tena kwa Waluguru mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Jambo la mpwa halifichwi.

Wala kaka yake hakuwa mtu wa kudodosa. "Mtaani hawajambo?" basi. Zuhura ndiye aliyemwaga habari: nani anaumwa, nani mjamzito, nani kagombana na mumewe. Ndivyo walivyozungumza tangu utotoni, naye Twalibu husikiliza mpaka kikombe cha pili kiishe. Mara moja tu ndipo alipokuwa na haraka. Ilikuwa Ijumaa ile Zuhura alipomsimulia jinsi mama Yunusi anavyohangaika kupata mtu wa kumpelekea mwanawe dawa Kisaki. Twalibu alisikitika sana, akaaga, chai ikabaki nusu.

Ijumaa hii alikunywa kikombe cha kwanza. Zuhura akamimina cha pili.

"Mpwa wangu simwoni siku hizi."

"Usimwambie mtu, kaka. Hayuko Dar. Yuko Mkuyuni kwa shemeji. Naliogopa hilo sikio, hata usingizi sipati."

Twalibu akatikisa kichwa kwa huruma. Akapiga funda moja, akatazama saa, akaokota kofia yake.

"Na chai je?"

"Siku nyingine, dada."

Zuhura alibaki amekikodolea macho kikombe. Kilikuwa nusu, mvuke bado unapanda. Akaitafuta simu, akaidondosha, akaiokota.

"Luqmani, usiulize kitu, nisikilize.

Usilale Mkuyuni leo.

Usishuke mjini.

Usipande gari la mtu anayekujua jina.

Usipokee simu ya mjomba wako.

Na huko utakakofika, mwanangu, mimi usiniambie."