Mfalme wa Kuazima

Mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na majivu yalimtiririka Trifoni usoni, yakinuka kama mzoga. Alikwisha kutapika mara mbili. Krispo, msimamizi wa watumwa, akamkamata kichwa, akampaka tena mpaka nywele zikawa nyekundu.

"Tulia, bwana. Wagermani ndivyo walivyo."

Wagermani wenyewe walikimbilia misituni zamani, mfalme wao akiwa wa kwanza. Jemadari wa Roma, Rubrenus, hakuteka hata kuku. Sasa maandamano ya ushindi bila mateka si aibu hiyo? Basi watumwa wake mwenyewe wakapakwa rangi, wakafungwa minyororo.

"Vita ni uwanjani," alisema Krispo, "ushindi ni barabarani."

Trifoni aliona kinyaa. Lakini uhuru ni uhuru, na Krispo aliahidi kwamba atakayeigiza mfalme wa Wagermani hatarudi tena utumwani. Kwanza alichaguliwa Hilaro, mwoka mikate, mzaliwa wa Roma. Trifoni, mwigizaji aliyenunuliwa Aleksandria mwezi uliopita, akaenda kumsengenya kwa Krispo kwamba yule mzee hata kulia hajui. Akapewa taji yeye.

"Hunichukii, mzee wangu?"

"Nikuchukie kwa lipi, mwanangu?" Hilaro alimwekea taji sawasawa kichwani. "Bahati ni kipofu, hushika aliye karibu."

Mnafiki, Trifoni akawaza. Mji mzima huu ni wanafiki watupu.

Barabarani watu walimtupia vitunguu vilivyooza. Mama mmoja mnene alimwinua mwanawe juu ili naye apate kutema mate. Na wala hawakumjua! Trifoni akalia, akararua nguo, akawalaani kwa lugha aliyoitunga papo hapo, nao wakashangilia. Shangwe zao zilimchukiza kuliko mate.

Chini ya kilima cha Kapitoli msafara ukasimama. Juu, mbele ya hekalu, Rubrenus alikuwa kando ya fahali mweupe wa kafara, hachinji. Mateka wengine walifunguliwa minyororo, wakaambiwa wakaoge. Trifoni naye akanyoosha mikono.

"Wewe huku," askari alisema, akimsukuma kwenye mlango wa gereza.

"Mimi nimeshamaliza kazi, kaka. Kwani jemadari anasubiri nini?"

Askari alikuwa akivutavuta kamba kuona kama ni imara.

"Desturi tu. Hachinji mpaka aletewe habari kwamba mfalme amekwisha kunyongwa."