Ndoo ya Ilinca

Gizani, mkono wa ndoo uligonga bati mara moja, kisha mlango ukafunguliwa na kufungwa polepole.

Otilia alifumbua macho. Kifua chake kilikuwa kizito kwa maziwa. Mwanawe wa miezi mitano alikuwa amemwacha mjini, maana basi la huku hupita mara moja kwa siku, na yeye, mkaguzi wa maji, alilazimika kulala kwa bibi Profira, mpishi wa shule.

Alimkuta bibi jikoni, kitambaa cheusi kichwani, akisonga ugali.

"Nani ametoka saa hizi, bibi?"

"Mjukuu wangu, Ilinca. Kaenda chemchemi ya kilimani. Ndoo ya kupeleka shuleni hiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Iwe theluji, yawe matope, yeye huyoo."

Otilia akaguna. Hicho hasa ndicho alichokihofia. Kisima cha shule, kilichotumiwa na nusu ya kijiji, kilikutwa na sumu ya mbolea iliyozama kutoka mashambani, na kibao chekundu kikapigiliwa pale. Sasa ofisi ilitaka jambo moja tu: wanafunzi wanywe maji ya chupa yanayoletwa na halmashauri, wala si tone la kwingine lisilopimwa. Wakikutwa wanakunywa mengine, shule inafungwa, na watoto kumi na mmoja watapandishwa basi kila alfajiri kwenda kilomita ishirini. Otilia hakutaka kuifunga. Alikuja akiomba asikute kitu.

"Mama yake Ilinca yuko wapi?"

"Chumbani. Hatoki siku hizi." Bibi aligeuza mwiko. "Lakini niambie, wewe uliyesoma. Mimi maji ya kisima nilikuwa nayachemsha. Si kuchemsha kwa mchezo. Mpaka yanabaki nusu."

Otilia akatabasamu. Swali hili hulijibu kila kijiji. "Kuchemsha kunaua vijidudu, bibi. Mbolea haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, inakolea."

"Inakolea?"

"Ukichemsha mpaka nusu, inakuwa kali mara mbili."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Inakolea," bibi alisema tena, safari hii bila kuuliza. Harufu ya ugali unaoungua ikajaa jikoni, naye bibi hakusogea, mpaka Otilia alipoinuka akaipua sufuria mwenyewe.

Ndipo bibi alipoiona blauzi yake iliyolowa. "Una mtoto mchanga."

"Wa miezi mitano."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Mnyonyeshe, mwanangu. Usimpe kingine."

Kulipokucha Otilia alikutana na Ilinca njiani, msichana wa miaka tisa, bega moja limeshuka kwa uzito. Mkono wa ndoo ulifungwa kitambaa cheupe, na kiunoni mtoto alichomeka kijiti chenye alama za kisu.

"Naona unaweka hesabu vizuri kuliko ofisi yetu," Otilia alisema. "Ni ngapi?"

"Thelathini na tisa. Ya leo sijakata. Nakata mtu akishakunywa."

Otilia akapiga hesabu kichwani. "Kibao kina siku thelathini na tano tu. Mlianza kabla? Nani aliwaambia maji ya kisima ni mabaya?"

Ilinca alitazama viatu vyake. "Hakuna aliyetuambia."

Otilia alitaka kumpokea ndoo. Mtoto akakataa kwa kichwa, akaihamishia mkono wa pili.

Shuleni, mwalimu Grigore aliwapokea mlangoni. "Karibu, bi mkaguzi. Tuna wanafunzi kumi na mmoja na mbuzi mmoja wa jirani. Kwa mahudhurio, mbuzi anaongoza."

Otilia alicheka, akaingia kukagua. Chupa za halmashauri zilipangwa vizuri ukutani, nusu zimekwisha kunywewa. Roho ikamtulia. Lakini alipotoka, aliikuta ndoo juu ya benchi, na kikombe kimoja kando yake. Watoto walikuwa wamejipanga mstari, kimya. Wavulana walikuwa wamevua kofia. Otilia alidhani wanamheshimu yeye.

"Mwalimu, kama chupa mnazo, haya ya nini?"

"Chupa ni za mchana. Asubuhi ni ya Ilinca kwanza, kijiji kizima kinajua." Mwalimu alishusha sauti. "Ni leo tu, bi Otilia. Kesho hutaikuta."

Leo tu. Kila kijiji kilimwambia hivyo. Alifungua fomu yake. Swali la saba: je, wanafunzi wamekutwa wakinywa maji yasiyopimwa? Hakuwahi kuandika uongo kwenye fomu, na wala hangeanza leo. Aliwatazama wale watoto, pua zao nyekundu kwa baridi, akawaona tayari wako ndani ya basi, wamelala wameegemea vioo. Hakuna aliyekuwa amekunywa mbele yake. Bado kulikuwa na nafasi.

"Nisameheni," alisema. "Nafanya hivi kwa ajili yenu."

Mwalimu aliinua mkono, lakini Otilia alikwisha kuinua ndoo. Akaimwaga yote pale uani. Maji yalitoboa theluji, yakaacha shimo jeusi la udongo, yakazama.

Akaandika jibu la swali la saba: hapana. "Basi," alisema. "Shule yenu imepona."

Mwalimu alikuwa ameinamisha uso. Ilinca aliokota ndoo, akachungulia ndani, akaiinamisha juu ya kikombe. Halikutoka hata tone. Akachomoa kijiti kiunoni, akakishika bila kukikata.

"Hiyo ndiyo ilikuwa ndoo ya arobaini, ya mwisho, ya mdogo wangu mchanga Toader," alisema, "mtu anywe kwa niaba yake, ili asikae na kiu huko kaburini."