Mama Mbele ya Mfalme

Wegesa alikuja uwanjani Genkuru kuuza karanga, si kutazama mchezo. Waigizaji kutoka Tarime mjini walisema mchezo huo uliandikwa karne nyingi zilizopita, ng'ambo ya bahari, na watu wakamcheka mfalme aliyejifunga pazia kama joho.

Kisha, mchezoni, mama mmoja akapiga magoti mbele ya mfalme. "Sitaki fidia. Nataka maiti ya mwanangu nikaizike."

Karanga zikawa zinamwagika kutoka kwenye kikombe cha Wegesa, naye hana habari. Mwanawe mwenyewe alikuwa bado chini ya udongo wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lililoporomoka wakati wa masika, na mwenye duara, aliyeketi mstari wa mbele, alikuwa amekataa kulifukua.

Mfalme akamjibu mama yule, "Waliokufa hawana haraka."

"Sisi tuliobaki tunayo," Wegesa alisema, kabla hajajua kwamba amesimama.

Watu wote wakamgeukia mwenye duara, aliyekuwa anaangalia viatu vyake. Akainuka taratibu, akavua kofia.

"Mama," alimuuliza Wegesa, "mmeshachagua pa kumzika?"