Picha Nyuma ya Shuka

“Ifungwe! Ifungwe leo leo!”

Mwenyekiti wa mtaa, Faraji, alipenya katikati ya kundi akaingia saluni kwa Venance, pale Tandika, amenuna kwa kukatishwa chai yake. Ukutani, mkabala na kiti cha kunyolea, lilining’inia shuka la maua. Nyuma ya shuka hilo, mtaa mzima ulisema, kulikuwa na mchoro wa mwanamke asiye na hata uzi mwilini.

Mtaa wenyewe ndio huo huo uliokuwa ukijazana humo. Wanaume waliokuwaga wananyoa sikukuu hadi sikukuu sasa wananyoa kila Jumamosi. Mzee Nassibu, kiongozi wa walalamikaji, ana upara unaong’aa tangu enzi hizo, lakini kwa Venance haishi kwenda. Anakwenda kulinda maadili, anasema. Jamani, maadili yamepata mlinzi!

“Shikamoo, mwenyekiti,” Venance alisema, akizima mashine ya kunyolea. “Mkinifungia hapa, mie na wanangu tutakula nini?”

“Marahaba. Ungelifikiria hilo kabla ya kuchora uchafu.”

Mlangoni alisimama Raudha, mke wa mwenyekiti, na beseni lake la maandazi. Anakaanga hapo jirani, na mteja wake asiyekosa asubuhi ni huyo huyo Mzee Nassibu, pamoja na kisukari chake.

“Baba Najma, yaishe basi,” alisema. “Mwambie apake chokaa, watu tukafanye kazi.”

“Hebu nyamaza, haya mambo ya serikali.” Faraji alipenda sana kutenda haki, hasa mbele ya watu. Akamgeukia Nassibu. “Mzee wangu, umeiona kwa macho yako au umesimuliwa? Mie simfungii mtu kazi kwa umbea.”

“Nisimuliwe mie?” Nassibu alifura. “Shuka nimelifunua kwa mkono huu! Kalala ubavu, mtu mzima, kajazia. Shanga za bluu kiunoni. Na paja la kushoto, huku juu kabisa, lina kovu la moto, upana wa kiganja. Aibu tupu!”

“Astaghfirullah!” watu waliitikia, huku wakisukumana kusogea mbele waone vizuri.

Faraji alilivuta shuka kwa nguvu, likaanguka lote.

Ukuta ulikuwa mweupe. Alama za brashi na mjusi mmoja, basi.

“Nilifuta siku ile ile ya kwanza mlipolalamika,” Venance alisema kwa sauti ndogo. “Alikuwa dada mmoja kavaa jinzi iliyochanika magotini. Nikatundika shuka kuficha madoa ya chokaa. Wateja wakaongezeka, nikanyamaza.”

Kicheko kililipuka mpaka barabarani. “Mzee Nassibu, hizo shanga umeziona wapi?” mmoja alipaza sauti, na watu wakazidi kushikana mbavu.

Faraji alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi. Kisha kicheko kikamkauka. Akageuka taratibu kumtazama mkewe.

Raudha alikuwa ameinamisha macho. Mkono wake ulishashuka wenyewe kwenye paja la kushoto, pale mafuta ya maandazi yalipomuunguza mwaka ule waliooana.