Viatu vya Meneja

Kiatu kilikuwa kimeshindwa tena. Punda Meneja alijilaza uani kama mgeni aliyeshiba pilau, na Mzee Ignatio alisimama kando yake, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba ya nini? Mtazame mgonjwa wako, fundi!"

Hyasinti akapiga magoti. Maskini, alikuwa fundi kweli. Kuvalisha wanyama viatu alifundishwa na Bruda mmoja wa misheni aliyefuga farasi, na Mbinga nzima hakuna mwingine aliyejua kutengeneza kiatu cha kuponya kwato mbovu: chuma cha springi ya lori, kisigino kimeinuliwa, ndani mpira wa tairi ili mguu usiumie. Kila akimvalisha, Meneja huinuka na kutembea vizuri. Baada ya muda mfupi kwato zinachemka upya, punda chini!

Na mwaka wenyewe ndio ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia. Walikuwa wakiegesha malori barabarani, na anayewahi ndiye anayeuza vizuri. Kahawa ya Mzee Ignatio ilikuwa bado iko mlimani Kigonsera, na wa kuishusha ndiye huyo punda mwenye kitambi.

"Mahindi hammpi, jamani?" Hyasinti akauliza huku akichonga kwato. "Niliwaambia tangu mwanzo, nafaka inamshukia miguuni. Ale majani tu."

"Majani namkatia mwenyewe," akasema Hedwiga, binti wa mzee, aliyeshika kamba.

Mzee akakohoa. "Fundi mbovu hakosi kisingizio! Safari hii ukishindwa namleta fundi wa Songea. Wewe usikanyage tena hapa."

Aibu ya kazi Hyasinti angeivumilia. Lakini asikanyage tena hapa? Alimpenda Hedwiga hata usingizi ulimruka, na muda wote huo hakuthubutu kumwambia zaidi ya "shika kamba vizuri." Njia yake ya kufika nyumba ile ilikuwa punda mgonjwa, basi.

Mzee alipoingia ndani, Hyasinti akapigilia msumari wa mwisho, akafumba macho.

"Hedwiga. Nikimtuma mjomba aje kuzungumza na wazee wako, je, nitakuwa nimekosea?"

"Ee Mungu wangu!" Hedwiga akacheka mpaka kamba ikamponyoka. "Mimi nilidhani umekuja kumchumbia punda! Mlete hata kesho."

Jumapili, baada ya misa, mjomba Clemence akaja kuposa. Hyasinti alimfuata nyuma, akiwaza jinsi mzee yule mkali atakavyowafukuza kama kuku.

"Mzee mwenzangu," mjomba akaanza, "utusamehe, tumechelewa."

"Mmechelewa sana!" Mzee Ignatio akafoka. "Sisi wenye mabinti tutafanyaje? Mila imetuziba mdomo. Baba hawezi kwenda kupiga hodi kwa watu akimnadi mwanawe."

Akakubali hata kabla mjomba hajafika kwenye neno lenyewe. Vigelegele vikapasua paa, na Hyasinti akalia kwa furaha mbele za watu bila haya.

Mzee akanyoosha shingo kuelekea jikoni, uso wote tabasamu.

"Mama Hedwiga! Lile kopo la mahindi ninalompa Meneja kila jioni, leo usinitolee. Sasa mwacheni apone, kahawa inatusubiri!"